Tofali Chini ya Mguu wa Kaskazini

Darubini ilifika Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, ikiwa vipande vipande ndani ya mfuko wa mchele. Boksi lake lilikuwa limelowa njiani, na mtu aliyeileta, muumini wa kanisa moja na mdogo wangu huko ughaibuni, aliyekuja Nundu kumzika mama yake, aliogopa lisije likapasuka mbele ya watu kwenye kizuizi cha barabarani. Aliingia kwangu mchana, wakati nakata sare za shule, akauweka mfuko juu ya meza ya kukatia kwa mikono miwili, kama anayeshusha mtoto aliyelala.

"Ya mudogo yako," alisema. "Alisema weye utajua."

Sikujua. Nilichomoa kwanza chuma cha mviringo chenye tundu katikati, kizito kama jiwe la mizani ya sokoni. Kisha miguu mitatu myepesi. Kisha bomba jeupe, refu kidogo kuliko mkono wangu, pana kama kopo la maziwa ya unga. Kisha kitu nisichokuwa na jina lake, shingo ya chuma yenye viungo viwili, skrubu nyingi, na duara zilizoandikwa namba. Chini kabisa, ndani ya soksi ya mwanaume, kulikuwa na lenzi mbili ndogo za kuwekea jicho.

Soksi ndiyo iliyonishika. Ilikuwa nene, ya sufu, soksi ya nchi ya baridi. Niliinusa. Haikuwa na harufu ya mtu ninayemjua.

Mimi ni wa kwanza kwa mama yangu. Baba alikufa wakati wa kukimbia vita, mama akamfuata kwa kipindupindu, nami nikatoka darasani nikiwa mwaka wa pili wa sekondari, nikakaa kwenye cherehani ya mama. Tulibaki watatu: mimi, mdogo wangu wa kike ambaye sasa ameolewa Mboko, na huyu wa mwisho, wa kiume. Mama mdogo alipokuwa anavuka ziwa kwenda kambini Tanzania aliniambia, "Unipatie mumoja, nikusaidie kumulea." Nikampa wa mwisho, kwa kuwa ndiye aliyekula kidogo na kuugua sana. Kule kambini alisoma. Miaka ikapita, mama mdogo akaitwa pamoja na watoto aliokuwa amewaandikisha, wakapandishwa ndege kwenda nchi ya kaskazini kabisa. Nilipomfikisha ufukweni siku ile ya kuvuka alikuwa na urefu wa meza yangu. Sasa ana sauti nzito, anafanya kazi katika nyumba ya kutunza wazee, ana mke wa huko na mtoto. Tunaonana kwenye simu pale mtandao unapotaka.

Kabla hajavuka tulikuwa na desturi moja. Jioni tulitandika mkeka nyuma ya nyumba tukingoja bugali iive. Alilala chali, kichwa juu ya tumbo langu, akaniuliza habari za nyota: zinashikwa na nini, kwa nini haziangukii ziwani. Nilimjibu nilichoweza. Hakikuwa kingi.

Jioni ile ile mfuko ulipofika alinitumia ujumbe wa sauti. Kiswahili chake kimekuwa cha kambini, cha Tanzania, lakini bado ananiita yaya, yaani dada mkubwa.

"Yaya, nimeinunua kwa mzee mmoja aliyekuwa anahama nyumba. Alikuwa nazo mbili, moja nimebaki nayo. Nataka siku moja, saa ile ile, sisi wawili tuangalie kitu kimoja. Wewe huko, mimi huku. Kama tuko kwenye mkeka." Akacheka kidogo, kama mtu anayeogopa kuchekwa. "Nataka Zohali. Ile yenye pete."

Niliusikiliza ujumbe ule mpaka betri ikaisha. Tangu aondoke hatukuwa tumefanya kitu chochote pamoja. Tulikuwa tunapeana habari tu: nani anaumwa, nani amezaa, mvua imeharibu nini. Nilimjibu kwamba sawa, tutaangalia. Nilisema kama ninavyomwambia mteja kwamba gauni litakuwa tayari Jumamosi, na mimi nikisema Jumamosi huwa ni Jumamosi.

Karatasi ya maelezo ilikuwa na lugha nyingi, Kifaransa kikiwa mojawapo. Niliisoma kwa kidole, mistari michache asubuhi kabla ya wateja, michache mchana jua linapowafukuza watu barabarani. Bomba ni rahisi kulielewa ukishaacha kudhani ni kama darubini ya askari, ile ya kuchungulia nyuma na kuona mbele. Hili nyuma halina tundu. Chini kabisa kuna kioo kama cha kujitazama, ila kimebonyea kidogo katikati kama kisahani. Kioo hicho kinapokea mwanga na kuurudisha juu. Karibu na mdomo wa bomba kuna kioo kingine kidogo kilichoinamishwa, ambacho kinautupa mwanga ubavuni, na hapo ubavuni ndipo unapoweka jicho. Kwa hiyo unasimama kando ya bomba, unaangalia ubavu wake, na kitu unachokiangalia hakiko mbele yako.

Jirani yangu, mama anayeuza ndagala, dagaa wa ziwani, na asiyekosa habari ya mtu, aliizunguka mara moja akasema, "Hii yako inaangalia kwa sikio."

Lenzi za ndani ya soksi nilizielewa haraka kuliko vyote. Moja inaonyesha eneo pana na kukuza kidogo. Nyingine inakuza sana, lakini inaona padogo kama tundu la kifungo. Unaanza na ile pana, unakileta kitu katikati, ndipo unaweka ile kali. Ni sawa na kupiga bandi, ule mshono wa muda, kabla ya kushona. Anayeanza na ile kali anazunguka gizani bila kupata kitu.

Mgongoni mwa bomba kunakaa kidarubini kingine kidogo sana, cha kutafutia. Hicho lazima ukipatanishe na bomba kubwa mchana, kwa kuangalia kitu cha mbali kisichotembea. Nilifanya hivyo uani, nikielekeza ng'ambo ya ghuba, kwenye paa moja la bati la rasi ya Ubwari linalong'aa jua likilipiga. Nilikuwa nimeinama, nakaza skrubu tatu ndogo, na sikuwaza watu wa barabarani wanaona nini. Waliona bomba, miguu mitatu, na mtu amejikunja nyuma yake. Sisi wa Baraka tumeshaona wakati wa vita kitu kingine cha namna hiyo, na hakikuwa cha kuangalia nyota. Watoto walitawanyika kwanza. Duka la pembeni likafunga mlango. Nilipoinua kichwa, shefu wa avenue, kiongozi wa mtaa wetu, alikuwa amesimama kwenye kona ya ukuta, nusu ya mwili nje, nusu ndani.

"Dada," aliita kutoka kule kule, "iyo kitu iko na nini ndani?"

"Kioo, shefu."

"Kioo tu?"

"Kioo mbili."

"Na inatupa?"

"Haitupe. Inaonyesha. Kuya uone."

"We angalia kwanza, mi nikuone."

Niliweka jicho. Nikamgeukia nikiwa mzima. Akaja taratibu, akavua kofia, akainama. Alikaa pale muda mrefu.

"Dada."

"Shefu."

"Kule Ubwari bantu banatembea kichwa chini."

"Ni kioo. Inageuza."

"Njo maana bale habasikiake mukubwa." Akavaa kofia yake. "Sasa sikia. Usiigeuze kwa kambi ya basoda hata siku moja. Na kila jioni yenye unaitosha inje, unijulishe mbele. Ili mi nikiulizwa, nijibu."

Tangu siku hiyo ikawa sheria: kambi ya askari sikuielekea. Kila nilipotaka kuitoa nilipita kwake kwanza, naye kila mara aliniuliza kama bado ni kioo tu.

Kilichonishinda kilikuwa shingo. Ningependa kuieleza vizuri, maana ilinichukua majira mazima.

Kiti cha kawaida cha darubini kinakwenda juu na chini, kushoto na kulia, kama kichwa cha mtu. Hiki hakiendi hivyo. Kina mihimili miwili, mmoja juu ya mwingine, na kila mmoja una mkono laini wa kuzungushia, mrefu, unaopindika. Mimi niliiita mikia. Upande mmoja wa mhimili wa pili linakaa bomba. Upande wa pili kinachomoza chuma chembamba, na kwenye chuma hicho unavika ule uzito wa mviringo. Unausogeza mbele na nyuma mpaka ulingane na bomba, kama mtu anavyopima unga, hata ukiachia kila kitu bomba linakaa pale ulipoliacha. Hilo nililipata siku ya kwanza. Nilitia hata tone la mafuta ya cherehani kwenye meno ya mhimili, yakaacha kulia.

Sababu ya usumbufu wote huu ni kwamba nyota zinahama. Kwa macho huoni. Ukiweka lenzi kali, nyota inaingia upande mmoja na kutokea upande wa pili kabla hujamaliza kumwita mtu aje aione. Mhimili wa kwanza umetengenezwa ili uzunguke pamoja na anga. Ukiuelekeza sawasawa, unahitaji mkia mmoja tu: unauzungusha polepole, na nyota inabaki katikati muda unaotaka. Usipouelekeza sawasawa, shingo nzima ni mzigo.

Katika picha ya karatasi, pua ya mhimili ule iliinuliwa juu sana, kama mbuzi anayefikia majani. Mdogo wangu alinieleza vile vile kwa sauti. "Tafuta kaskazini, yaya. Kuna nyota moja haihami. Iko juu, juu kuliko nyumba. Elekeza pua pale, basi, umemaliza."

Kaskazini naijua. Ni kwenye barabara ya Uvira: Lusenda kwa wakimbizi wa Burundi, Nundu, Mboko kwa mdogo wangu wa kike. Kila jioni nikishafunga kazi nilikaa kwenye kigoda nikiangalia upande huo, nikitafuta nyota isiyohama. Nilichagua moja, nikaipima na ncha ya paa la jirani, nikaenda kula. Niliporudi ilikuwa imehama. Nikachagua nyingine. Nayo ikahama. Juma likapita, likaja jingine.

"Unalinda nini pale?" jirani aliniuliza akipita na beseni lake.

"Nyota yenye haitembeyi."

"Nani alikuambia iko?"

"Mudogo yangu."

"Yeye anaionaka?"

"Kila siku."

"Basi iko ya kwabo," alisema, akaenda zake.

Nilicheka, kisha nikaendelea kutafuta, kwa sababu mdogo wangu hakuwa mwongo. Mwishoni niliinua pua kama ilivyo katika picha, nikaielekeza Lusenda, nikajaribu na nyota nyekundu inayokaa juu yetu wakati wa kiangazi. Nilizungusha mkia wa kwanza, nyota ikakimbia kwa kando. Nikazungusha wa pili kuirudisha, ikashuka. Mikono yote miwili ikawa inafanya kazi ya mtu anayemfukuza kuku chumbani. Niliporudi ndani shingo yangu mwenyewe ilikuwa inaniuma kuliko siku ya sare za shule nzima.

Nilimwambia. Akanijibu kwa upole kwamba kuna mahali nakosea, nifuate karatasi. Nilikuwa nimeifuata karatasi.

Nikamwomba basi, wakati najifunza, yeye aangalie mwezi usiku huo huo nami niangalie, tuanze na kilicho rahisi. Akajibu, "Yaya, huku sasa hakuna usiku."

Nilidhani amechoka na kazi. Akageuza simu dirishani. Kwangu taa ilikuwa imewashwa zamani na jirani ameshalala. Kwake nje kulikuwa na mwanga kama wa saa kumi na moja jioni, na mtu mmoja alikuwa anakata majani kwa mashine, bila haraka.

"Mpaka lini?"

"Mpaka mwezi wa nane giza linarudi kidogo kidogo. Wa tisa litatosha."

Nilikaa na jambo hilo muda mrefu baada ya simu. Wakati wa kiangazi anga yangu ni safi, na yeye hana giza. Wakati wake wa giza kuu, mimi nina mvua, na mawingu yanakaa juu ya ziwa kama shuka iliyosahauliwa kwenye kamba. Palikuwa na upenyo mmoja tu kwa mwaka, pale giza lake linaporudi na mvua yangu haijakaa. Zohali yenyewe ingekuwa inatoka mapema jioni katika mwezi huo huo wa tisa. Nikielewa shingo kabla ya hapo, tungekuwa na nafasi. Nisipoielewa, tungengoja mwaka, na yeye ni mtu mwenye kazi na mtoto. Jambo la kungojwa mwaka linaweza likasahauliwa tu, bila ubaya wowote.

Jioni moja nilichoka na kigoda. Nilitandika mkeka nyuma ya nyumba, mahali pale pale pa zamani, nikalala chali. Sikuwa nimelala hapo tangu aondoke. Mkeka ulikuwa mpana kuliko nilivyoukumbuka. Sikutafuta nyota yoyote. Niliziacha zifanye kazi yao. Zilitoka nyuma ya Ubwari zikapanda wima, kama ndoo inayovutwa kisimani. Zilipita juu ya tumbo langu. Zikashuka wima nyuma ya milima ya Fizi. Hakuna iliyozunguka kitu. Zote zilipanda, zikavuka, zikashuka.

Kwenye cherehani yangu kuna misumari miwili ya uzi. Mmoja umesimama, juu, unakovikwa kibiringo kikubwa. Mwingine umelala kando ya gurudumu, unakojazwa kibiringo kidogo cha chini. Kwenye uliosimama uzi unakwenda mzunguko, mzunguko. Kwenye uliolala unapanda upande mmoja na kushuka wa pili. Nimeona hivyo kila siku tangu nitoke shule. Msumari wa anga ya mdogo wangu umesimama karibu wima, na ile nyota isiyohama iko kwenye ncha yake. Wa kwangu umelala. Umelala sambamba na barabara, ncha moja upande wa Uvira, nyingine kusini, na zote mbili ziko chini, nyuma ya nyumba za watu, nyuma ya vilima, mahali ambapo hakuna nyota ya kuonekana hata ukikesha. Niliketi. Ramani ya simu ilinipa namba ya mahali nilipo: nne na kidogo, kusini; basi pua yangu iinuke kiasi hicho tu, upande wa kusini. Katika picha ya karatasi pua ilikuwa kwenye zaidi ya arobaini.

Asubuhi nilichukua bisibisi. Nililegeza skrubu kubwa, nikaishusha pua. Ilishuka, ikashuka, kisha ikagoma kabla ya kufika. Walioitengeneza hawakufikiri kwamba mtu wa hapa ataihitaji. Tena ule uzito ukawa unagonga mguu wa mbele kila nilipozungusha. Nilifanya kama ninavyofanya na nguo iliyokatwa kwa mwili wa mtu mwingine: haitupwi, inarekebishwa. Niligeuza miguu, mmoja ukaelekea kaskazini na miwili kusini, ili uzito upite katika nafasi iliyo kati yao. Miguu ile miwili nikaifupisha. Chini ya mguu wa kaskazini nikaweka tofali. Darubini nzima ikainama mbele kama mtu anayepuliza moto, na pua ikalala, ikiangalia kusini, imeinuka kidogo tu. Ili isianguke nilining'iniza katikati mfuko wa vitambaa niliokuwa nimeujaza mchanga.

"Umeivunja," jirani alisema.

"Haijavunjika."

"Basi inaomba. Unaifundisha kusali."

Jioni nilipita kwa shefu, nikajibu kwamba ndiyo, bado ni kioo tu. Nikaitafuta nyota nyekundu kwa lenzi pana, nikaweka ile kali, nikashika mkia mmoja. Nikauzungusha polepole kama ninavyozungusha gurudumu kwa mkono ninapokaribia kona ya kola. Nyota ilikaa. Niliendelea. Ilikaa. Nilitoa jicho nikaangalia huku na huku uani, nikitaka mtu wa kumwambia. Kulikuwa na ndoo, na nguo kwenye kamba.

Nilimtumia ujumbe. "Pua iko chini, mudogo yangu. Kwetu huku inalala. Iko naangalia kusini."

Jibu lilikuja baada ya siku mbili, alipotoka zamu. "Kweli, yaya? Mimi nilikuwa nakuambia ya huku tu. Nilisahau kwamba huko ni kwingine." Kisha akataja usiku wa mwezi wa tisa ambao hana kazi. Kwa bahati saa ya kwake na ya kwangu zilikuwa sawa wakati huo. Saa tatu, tulisema.

Usiku huo ulifika baada ya mvua ya kwanza, iliyosafisha vumbi na kupita. Mwezi haukuwapo, kwa hiyo taa za wavuvi wa ndagala zilikuwa nyingi juu ya maji, na Zohali ilikuwa juu yao, juu ya mgongo wa Ubwari, haimetameti kama nyota. Niliivuta katikati kwa lenzi pana. Nikabadilisha. Mdogo wangu alikuwa ameniambia mapema kwamba mwaka huo pete imegeuka ubavu, nisitegemee ile ya picha. Nilichoona ni kidonge kidogo cha rangi ya siagi, kimechomwa sindano ikatokea pande zote mbili. Kilikuwa hapo, kimetulia katika weusi, na hakikuwa picha ya mtu yeyote. Nilishika mkia. Simu ikalia.

"Yaya. Uko nayo?"

"Niko nayo."

"Huku ni mawingu." Nilimsikia akihema, alikuwa amesimama nje, kwenye baridi. "Nimetoka tangu mapema. Yamejaa. Labda yatapita."

Tukangoja. Mimi nazungusha, yeye anahema. Nyuma yake mtoto alianza kulia, mwanamke akasema kitu kwa lugha ya kwao, naye akajibu haraka kwa lugha ile ile, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, sauti ya baba mwenye nyumba. Kisha akarudi kwangu, na sauti ikawa ndogo tena.

"Niambie basi. Inafanana na nini?"

Nilimwambia kidonge. Nilimwambia sindano. Aliuliza rangi, nikamwambia. Aliuliza kama kuna nyota ndogo pembeni, nikaangalia vizuri, nikamwambia iko moja, hafifu, upande wa chini, ingawa kwa kioo hiki chini ni juu. Aliuliza kama alivyokuwa anauliza zamani, swali juu ya swali, na safari hii nilikuwa na majibu.

"Inasimama?"

"Inasimama."

"Usiiachilie, yaya."

"Siiachilie."

Mtoto akalia tena, kwa nguvu. "Ngoja, nakuja," alisema. Nikasikia hatua, mlango, viatu vikivuliwa, chumba chenye joto, halafu mtandao ukakatika. Nilipiga, haikuingia. Niliweka simu juu ya kigoda, uso juu, ili nione ikiwaka, nikarudisha jicho.

Jirani alitoka kumwaga maji, akanikuta. Kwa mara ya kwanza aliomba kuangalia. Nilimsogezea nafasi bila kuacha mkia. Aliinama, akaangalia.

"Njo hii tu?"

"Njo hiyo."

"Kadogo." Hakuondoa jicho. "Na mudogo yako anaiona?"

"Kwabo kuko mawingu."

Nilingoja mzaha. Alinigusa mgongoni kwa mkono wenye maji, akaingia kwake.

Niliifuata mpaka mkono ukafa ganzi, na simu haikuwaka. Nikatenganisha vipande kwa utaratibu wake: kwanza uzito, kisha bomba, kifuniko mdomoni, mikia miwili, shingo. Lenzi nikazirudisha ndani ya soksi.

Asubuhi, nilipoichaji simu, kulikuwa na ujumbe. "Yaya, mtoto alilala, nikatoka tena. Mawingu yalikuwa yamefunguka. Nimeiona. Kidonge na sindano, kweli kabisa. Nilikupigia, labda ulikuwa umelala." Simu yangu ilikuwa imeishiwa chaji pale kwenye kigoda, bila mimi kujua. Niliucheza tena nikiwa kwenye cherehani, mguu ukikanyaga.

Juma lililofuata mvua ilikaa. Jirani alikuja kuomba tofali la uani, pipa lake la maji lilikuwa linayumba, na lile lilikuwa linakaa bure pale kwenye matope.

"Hilo liko na kazi," nilimwambia.

"Kazi gani? Iko mvua mpaka mwezi wa tano."

"Liache."

Nilimtafutia lingine nyuma ya choo.